Cheti cha Bangi

Mkanda wa jeshi ulinishika ubavu wa kushoto mwaka ule niliostaafu. Malengelenge yalikauka baada ya wiki chache, maumivu yakabaki. Yalichoma kama mtu kanibandika pasi ya mkaa akasahau kuiondoa. Sidiria sikuweza kuvaa. Kanisani nilijitanda khanga mbili, na wanakwaya wenzangu wakadhani nimezidi kumcha Mungu.

Nilimeza kila dawa ya maumivu inayouzwa mtaani kwetu Chemchem. Mume wangu, ambaye hajawahi kuumwa zaidi ya jino, alinikumbusha kwamba babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani bila kulalamika. Nikamwambia walilalamika sana, ila kwa Kinyamwezi, na walioandika hawakuelewa.

Kisha mdogo wangu anayeishi Kanada akanitumia ujumbe wa sauti. Yeye anaumwa mgongo. Daktari wake kamwandikia cheti, anaingia dukani mchana kweupe, anapewa mafuta ya bangi, anadondosha chini ya ulimi, kisha anakwenda kupalilia maua yake.

"Dada, muulize na wewe daktari wako," alisema. "Kuuliza si kosa."

Alisahau kazi niliyostaafu. Nilikuwa karani wa mahakama. Miaka mingi niliwasomea watu mashtaka ya kukutwa na misokoto, kwa sauti ya kutisha, huku nikiwaza chakula cha mchana. Lakini ubavu haukujali heshima yangu. Nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuomba cheti cha bangi."

Aliweka kalamu chini, akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mama, nani kakutuma?"

"Ubavu."

Nikamweleza habari za mdogo wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema huku kwetu cheti cha namna hiyo hakipo, na akithubutu kukiandika tutafungwa wote wawili.

"Sheria naijua," nilisema. "Nilitegemea wewe huijui."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, ubavu ukaniadhibu papo hapo, na nikajikuta nalia mbele ya mtoto wa watu. Akanipa kitambaa, akaanza kuniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Yanachoma au yanadunda? Nguo ikigusa inakuwaje? Usingizi unapata? Akanieleza kwamba ugonjwa ule uliumiza mishipa ya fahamu, ndiyo maana dawa za kawaida hazifui dafu. Akaniandikia vidonge vidogo.

"Hivi tunawapa pia wenye sonona," alisema, "kwa hiyo usishtuke ukisoma karatasi."

"Yaani bangi hapana, ila dawa ya vichaa ndiyo."

"Sonona si kichaa, mama. Na dozi yako ni ndogo."

Kosa langu ni kumsimulia mwanamke niliyeketi naye benchi moja dirisha la dawa. Kufikia Jumapili kwaya nzima ilijua. Jumatatu akaja nyumbani mkulima mmoja wa Ntalikwa, kofia mkononi, kifurushi cha gazeti kwapani.

"Shikamoo, mama karani. Nasikia unaumwa."

Nilimtambua. Shtaka lake nililisoma mimi, na alifungwa.

"Huna kinyongo na mimi?" nilimuuliza.

"Ulisoma vizuri, mama. Kila neno nililisikia."

Alikifungua kifurushi mezani. Harufu niliijua, ilikuwa ile ile ya stoo yetu ya vielelezo. Sikukipokea. Ningependa kusema ni uadilifu, lakini niliogopa tu, maana nakijua choo cha mahabusu. Nilimpa chai na viazi vitamu, akala taratibu bila kununa, akanieleza jinsi mahindi yake yalivyoshambuliwa na viwavi. Alipoaga nilimwonyesha njia ya uani, kwa sababu askari hupenda kusimama upande wa barabara.

Vidonge vilichukua karibu mwezi kuanza kufanya kazi. Vinanikausha mdomo, na asubuhi naamka mzito kama gunia la chumvi. Maumivu yamepungua, labda nusu, ila siku za baridi hayapungui kiasi hicho. Kila baada ya miezi miwili narudi kwa yule binti kupimwa. Siku hizi akiniona tu mlangoni, kabla hata ya shikamoo, anauliza leo nimekuja kuomba nini.