Pumzi Kutoka Mwene-Ditu

Saa moja asubuhi, jua likianza kugusa mabomba ya moshi ya kiwanda cha Shituru, Constantin Banza amepiga magoti mbele ya pampu ambayo haijazunguka tangu mvua zilizopita. Anaifungua, anaipaka grisi, anaizungusha kwa mkono, kisha anaifunga tena. Hakuna aliyemtuma.

"Siku watakapoiwasha," anasema, "isiseme ilikosa muntu wa kuiangalia."

Fundi mwenzake, Dan, anakuja polepole nyuma yake, anainama na kumpulizia sikioni. Fuu!

"Papa Banza, iko wapi bunga yetu?"

Karakana nzima inacheka, na Banza anacheka nao. "Bunga ilienda na upepo," anajibu bila kugeuka. "Weye cheka tu. Ungesikia kile minye nilisikia, ungelia."

Wiki hii mji wa Likasi hauna mtu anayetaniwa kuliko fundi huyu wa pampu mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Jumamosi iliyopita alikuwa anashinda nusu fainali ya mashindano ya dame, mchezo wa kete kwenye ubao, yanayochezwa kwa redio ya phonie, na gunia la unga wa mahindi, zawadi ya kuingia fainali, lilikuwa linamngoja mlangoni. Akalipoteza kwa mikono yake mwenyewe, macho yake yakiona.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kurudi kwenye kibaraza cha nyumba yake, katika miaka ambayo wenyeji wa Shituru huisimulia kama habari za nchi nyingine.

Zamani king'ora cha kiwanda kilikuwa saa ya mji mzima. Kikilia, wanawake waliweka maji ya bukari, ugali wa huku, motoni, na watoto waliokuwa wanacheza kwenye reli walijua baba anakuja. Mwisho wa mwezi unga uligawiwa, na kuta za nyumba za wafanyakazi zilipakwa chokaa kila mwaka. Leo mshahara wa mwezi wa tatu umefika mwezi wa nane, na ulipofika ulitosha sabuni na chumvi. Familia inaishi kwa shamba la mahindi ambalo Banza na mkewe, Philomène, wamelima kando ya reli.

Jioni za zamani Banza alicheza dame na jirani yake, Déogratias, mchomeleaji wa kiwanda hicho hicho. Kete zilikuwa vifuniko vya chupa: huyu vya bia, yule vya limonadi. Déogratias alikuwa na pengo katika meno ya mbele tangu alipoanguka na baiskeli kwenye kivuko cha reli.

Pengo hilo lina kazi katika habari hii. Katika dame ya Likasi, mchezaji anayeweza kula kete ya mwenzake akaacha kuila, huadhibiwa. Mpinzani huichukua kete iliyozembea, lakini kwanza huipuliza. Déogratias alipopuliza, pumzi ilipita kwenye pengo na kutoa mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Kila mara nilimuambia, 'Puliza tena, bado moto!'" anakumbuka Banza. "Kama vile anapuliza bukari. Watoto walilijua neno lile hata kabla ya kujua kusali."

Mwaka 1993 watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, hata waliozaliwa hapa hapa Likasi, walitolewa katika kazi na nyumba zao. Maelfu walilala kwenye kituo cha treni wakingoja safari. Wengine walifia pale, wengine njiani. Déogratias, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hospitali, alikuwa miongoni mwao, pamoja na mkewe Marceline.

Banza alikuwa akiwapelekea chakula kituoni. Asubuhi moja alifika na kukuta uwanja mtupu. Treni ilikuwa imeondoka.

"Nilibaki na bukari mukononi, imefungwa katika kitambaa," anasema, akijifuta grisi. "Ilikuwa moto bado."

Tangu siku hiyo hakupata habari. Aliwauliza wasafiri na madereva, hata padri aliyetoka Kamina. Nyumbani kwao, kabla ya chakula cha jioni, familia huwataja kwa majina walio hai, kisha huwataja marehemu. Banza hakujua amweke rafiki yake wapi. Alipomaliza kuwataja wazima alinyamaza, akasema "Déogratias", akanyamaza tena, ndipo akaanza na marehemu.

"Miaka miwili ile," anasema Philomène. "Mungu alijua nafasi yake. Sisi ndio tulichoka kutojua."

Mashindano yalianza mwezi wa sita. Simu zimekufa na barua hazifiki, kwa hiyo watu wa miji ya reli huzungumza na ndugu zao kwa phonie, redio inayokaa katika chumba kidogo chenye betri ya gari, ili umeme wa bwawa la Koni ukikatika kazi iendelee. Waendesha redio, kwa kuwa alasiri za Jumamosi wateja ni wachache, waliamua kuchezesha dame. Kila mji una ubao wake wenye nambari. Mwendesha redio husoma mwendo, wa upande wa pili huusogeza.

Wachezaji hawasemi hewani, na majina hayatajwi. Mamie, binti anayeendesha phonie ya Likasi mtaani Kikula, anaeleza kwamba masafa yanasikilizwa na kila mtu, na baada ya yaliyopita watu wengi hawapendi kujulikana wako wapi.

Jambo moja tu mchezaji hulifanya mwenyewe: kupuliza. Wiki ya kwanza mtu wa Kolwezi alidai amepuliza, mpinzani akakataa, nusura watukanane mbele ya nchi nzima. Tangu hapo, anayetaka kete aje apulize kwenye mikrofoni. Bila pumzi, kete inabaki.

Banza aliifunga Kamina. Akatoka sare na Kalemie, wakarudia, akashinda. Kolwezi, waliotangaza kwamba Likasi wanacheza kama watu wanaovuna karanga, aliwafunga huku chumba kikishangilia. Kisha, katika nusu fainali, ikaja Mwene-Ditu, kule Kasai.

"Niliomba Mamie aulize jina," anasema. "Wakamujibu: hapana majina."

Mpinzani alianza na kete ya pembeni kushoto, kama Déogratias. Lakini watu elfu wanaweza kuanza hivyo. Banza aliendelea, akafikisha kete mwisho wa ubao ikawa dame, mfalme wa kete, akawa mbele kwa kete mbili. Nje Philomène alikuwa tayari na beseni la kupokelea unga.

Ndipo ikatokea kete ya kula, wazi kama mlango wa kanisa.

"Papa, kula! Iko pale!" Mamie alinong'ona.

Banza alitikisa kichwa. Akasogeza kete nyingine.

"Papa Constantin, unapumbaa? Batakupuliza!"

"Soma vile nimecheza, mwanangu."

Mamie akasoma. Redio ikakoroma. Sauti ya mbali ikasema Mwene-Ditu anapuliza. Kisha ikaja pumzi, na ndani ya pumzi, mlio mwembamba wa birika.

Banza alimpokonya Mamie mikrofoni. "Puliza tena, bado moto!"

Mwendesha redio wa Mwene-Ditu akatangaza kwamba Likasi amesema hewani na kwa hiyo ametolewa. Hajamaliza, akakatizwa na sauti nyingine.

"Banza? Weye Banza? Uko muzima?"

"Minye niko! Na Marceline?"

"Iko, iko hapa! Tulisema labda njaa ilikumaliza." Redio ikakoroma, kisha sauti ikarudi. "Na ungali unachezaka mubaya vile vile!"

Philomène anasimulia upande wake. "Nilimuona anatoka analia, nikajua tumeshindwa. Nikamuambia, 'Baba Hélène, bunga si kintu ya kulilia.' Akaniambia, 'Déo iko muzima.' Nikakaa chini palepale, beseni likaanguka. Gunia? Ndiyo, ningelipenda. Tungelikula mwezi mmoja, likaisha."

Jioni ile, kabla ya chakula, Banza aliwataja walio hai. Alimtaja Déogratias katikati yao, baada ya watoto wake mwenyewe, na hakunyamaza.

Jumamosi ijayo Déogratias, ambaye sasa anatengeneza baiskeli kule Mwene-Ditu, atacheza fainali dhidi ya Lubumbashi, na Banza atakuwa kwa Mamie akisikiliza. Lakini mpango wake mkubwa ni treni. Ikianza tena kwenda kwa ratiba, atapanda.

"Nitamupelekea bukari yake," anasema, akikaza nati ya mwisho ya pampu. "Ile ya siku ile."

Philomène, aliyemletea chakula langoni, anamkatiza. "Bukari ya siku tatu katika treni? Mungu amemuponyesha, na weye unataka kumuua?"

Banza anajipangusa mikono.

"Basi tutaenda wote wawili," anasema. "Utaipikia kule kule, imufikie ikiwa moto."