Embe Bila Kokwa

Gumato hukata embe polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Hulisimamisha juu ya kibao, hushusha kisu ubavuni mwa kokwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Mashavu mawili ya embe yakishaanguka, huyachana vipande virefu vyembamba. Kokwa huitia ndani ya kopo la rangi lenye mfuniko, akalifunika na kuweka jiwe juu yake. Ndipo anapochukua sinia la vipande na kumwendea punda.

Nilimkuta katika mji mdogo wa Minjila mwezi wa Januari, nikisubiri gari la kwenda Lamu ambalo halikuwa na dalili ya kuja. Ukuta wa nyumba yake ndio uliokuwa na kivuli cha karibu, naye akaniletea kigoda bila kuniuliza natoka wapi. Nilimwambia punda wake ana bahati.

"Si bahati," alisema. "Ni woga wangu."

Nimeona farasi wakibembelezwa kwa mengi. Cairo niliona mwendesha gari akimpa wake tende kutoka kinywani mwake mwenyewe, baada ya kuitema kokwa. Kusini mwa Hispania watalii huwapa vidonge vya sukari, na wenye farasi hugeuza uso pembeni kwa hasira. Lakini sijaona mahali pengine ambapo kokwa hufungiwa na kuwekewa jiwe. Nikamuuliza sababu. Alimlisha punda kwanza, kiganja kikiwa kimekunjuliwa, kipande kwa kipande, akingoja kila mara mpaka koo limeze.

Gumato ni Muorma, na umri wake umeshavuka miaka hamsini. Mumewe, Liban, alikuwa na ng'ombe ambao majirani hawakuthubutu kuwahesabu, kwa kuogopa kuwatia kijicho. Ukame wa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili ukawamaliza. Liban aliwaswaga hadi pande za Nanighi akitafuta nyasi, akarudi na wanne, na wale wanne wakafia nyuma ya nyumba. Boma likabaki na punda mmoja jike, wa kijivu, jina lake Dalacha.

Huyo alikuwa punda wa Gumato. Kwa watu wao punda ni wa wanawake: humbebesha maji, na siku ya kuhama humpandishia miti ya nyumba na watoto. Mwanamume wa ng'ombe hamshiki. Lakini sasa chakula cha nyumba ile kilitoka mgongoni mwa Dalacha, aliyevuta mkokoteni wa madumu ya maji kutoka mtoni kwenda kwa wenye vibanda vya chai. Wiki za kwanza Liban alikaa tu, akitazama. Halafu siku moja Gumato alimkuta anamng'oa punda kupe masikioni.

"Nikamwambia, Baba Nimo, huyo si ndama," alisimulia Gumato. Nimo ni binti yao, ameolewa Hola. "Akasema, najua si ndama, ndama ana adabu."

Kuanzia hapo alimpenda punda yule kwa upendo aliokuwa ameuweka kwa ng'ombe sabini, ukamwangukia mnyama mmoja. Alimletea maganda ya tikiti maji. Alimtafutia ndizi, akampa pamoja na ganda. Jirani yao Dzombo, Mgiriama mwenye shamba la mahindi na miembe, alikuwa akimwita kwa sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Liban, mahari utalipa lini? Maana posa tumeshaiona." Liban alikuwa akicheka. Gumato anasema alikuwa hajamsikia akicheka tangu ng'ombe wa mwisho.

Mwisho wa mwaka uliofuata mvua zilikata barabara, na maembe ya Dzombo yakakosa gari la kuyapeleka sokoni. Yakaiva yote kwa pamoja na kuanguka. Dzombo akawaambia wachukue watakavyo. Liban alirudi na kikapu kimejaa yale madogo, ya mviringo, akamlisha Dalacha mazima.

Sasa, mfugaji wa ng'ombe hajazoea kuogopa embe zima. Ng'ombe na mbuzi humeza, kisha hulala chini na kucheua, na asubuhi boma huwa limejaa kokwa nyeupe zilizotemwa, safi kama zimeoshwa. Liban alikuwa ameziona kokwa hizo tangu utoto wake. Punda hacheui. Kinachoshuka kooni mwake hakina njia ya kurudi.

Embe la tano lilikwama. Dalacha alinyoosha shingo, akaishusha, akainyoosha tena. Povu la manjano likaanza kutoka puani.

Hapo Liban hakubabaika, na ndilo linalomuuma Gumato kuliko yote. Angebabaika, angekimbia kuita mtu. Lakini miaka arobaini alikuwa amewanywesha ng'ombe dawa: unakiinua kichwa juu, unaingiza chupa pembeni mwa mdomo, unamimina. Akafanya hivyo hivyo. Akachanganya mafuta ya kupikia na maji kwenye chupa ya soda, akamshika Dalacha taya kwa mkono mmoja, akainua.

"Mkono wake haukutetemeka," alisema Gumato. "Nami nilikuwa nimemshikia kamba. Nilimwona mume wangu kama alivyokuwa zamani, nikafurahi."

Chupa ya kwanza ikaisha. Alipomimina ya pili punda akakohoa, akaangukia magoti. Kwa kukohoa kule kokwa ikashuka. Akasimama, akatembea, na Dzombo akapiga makofi kutoka upande wake wa ua. Ila koo likiwa limezibwa, maji yale na mafuta yalikuwa yamepita njia ya pumzi. Siku ya pili Dalacha hakula. Siku ya tatu alipumua kama mtu anayepasua kuni. Ishmael, mtu wa mifugo, alifika kutoka Garsen akiwa amelowa hadi kiunoni, akaweka sikio ubavuni mwa punda.

"Nani alimnywesha?" aliuliza.

"Mimi," alisema Liban.

"Mzee wangu, punda akikwamwa humpi kitu. Wala maji. Unaacha kichwa kiwe chini, mate yatoke, unaniita. Mara nyingi kinalegea chenyewe."

"Chenyewe," Liban alirudia.

"Mara nyingi, mzee."

Ishmael alimdunga sindano, akawafundisha mengine yote, kwa kuwa Gumato alimwomba: embe likatwe, karoti ipasuliwe kwa urefu wala isikatwe duara, majani ya parachichi yasikaribie ua, na mahindi yaliyoota ukungu kwa mafuriko, ambayo ng'ombe aweza kuyala akapona, punda asionjeshwe kamwe. Gumato alikariri kama mtu anayejifunza sura ya Kurani. Liban alikuwa amekaa chini, kichwa cha Dalacha mapajani, hasikii. Punda alikufa alasiri ya siku ya tano.

Asubuhi iliyofuata Liban alijifunga kamba za mkokoteni kifuani mwake, akaenda mtoni.

Gumato alimsihi. Dzombo alimsihi. Alivuta miezi minne, madumu kumi kila safari. Wanaume wa kibandani waliokuwa wakimwita mzee wa boma walimpigia mkewe kelele: "Gumato, punda wako siku hizi anavaa kofia!" Liban aliwajibu mara moja tu, bila kusimama: "Na huyu mkimnywesha hafi." Hawakumtania tena. Mwezi wa nne, kwenye mteremko wa mto, kiuno chake kilitoa sauti ambayo Gumato aliisikia kutoka juu ya ukingo. Tangu siku hiyo Liban hutembea kwa fimbo mbili.

Nimo aliwatumia punda mwingine, dume mchanga. Nilipouliza anaitwaje, Gumato alisema, "Punda tu. Mwenye kutoa majina ni Baba Nimo, na hajampa."

Alikuwa ameniambia haya yote kwa sauti ya chini, kwa sababu Liban alikuwa ndani. Sasa alitoka. Mtu mrefu, aliyepindika. Alinisalimu kwa Kiorma, nikamjibu kwa Kiorma changu cha kuokoteza njiani, akatabasamu kidogo. Kisha akafika kwenye kopo, akaondoa jiwe, akafunua.

"Yalikuwa mangapi?"

"Matatu," alisema mkewe.

Akazitoa kokwa, akazipanga juu ya kibao. Tatu. Akazirudisha, akafunika.

Kwenye sinia kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Gumato alikichukua akakiweka kiganjani mwa mumewe, nikafahamu kuwa kila siku hubakiza kimoja. Liban aliegemeza fimbo moja ukutani. Punda alinyoosha shingo juu ya miti ya ua, midomo ikitafuta, pumzi yake ikigonga vidole vya mzee. Vidole vikakunjuka. Vikakaa hivyo kwa kitambo.

Kisha vikajikunja. Maji ya embe yalimtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Mpe wewe, Mama Nimo," alisema.

Gumato akavifungua vidole vya mumewe, kimoja kimoja, akakitoa kipande, akampa punda.