Namba Zilizolingana Mno

Injinia amefariki. Habari ilinikuta Lamadi nikichagua samaki, na kilichonijia kwanza hakikuwa machozi bali hasira. Jina lake sitalitaja, maana hata akiwa hai hakupenda kuandikwa gazetini. Alisema sisi waandishi tunakosea hata majina ya vijiji. Nilimfahamu kupitia kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, huku kwetu Bariadi, alikofunga boksi la umeme la kuangalia joto la mashine zisije zikaiwasha pamba. Moto ukishika mle, watu wote wanakimbilia mlango mmoja, na mlango wenyewe nimeuona.

Kwenye kila beringi kubwa alifunga vipima joto viwili. Boksi linasoma vyote. Vikipishana sana, linajua kimoja kimeharibika, na kwa kuwa halijui ni kipi, linapiga king'ora na kuzima mashine. Wenzetu wa kiwandani wakaona huo ni ufujaji. Kwani mashine haiendi na kimoja? Hapa kwetu kitu cha akiba hakikai, ukiwa navyo viwili lazima mtu aje kuazima. Kipima cha pili kikahamishiwa mashine ya kukamua mafuta, na ili boksi lisipige kelele, fundi wa zamu akaunganisha waya za kile kilichobaki sehemu zote mbili. Boksi likawa linajiuliza na kujijibu lenyewe.

Siku moja nilikuwa nimemfuata Injinia pale kiwandani anipe lifti kwenda msibani Zagayu. Akapita mbele ya kioo cha boksi, akasimama.

"Namba zinalingana," alisema.

"Si ndiyo vizuri, Injinia?" fundi akajibu.

"Zinalingana mno! Tangu nimeingia hazijapishana hata pointi. Vipima viwili havikubaliani hivyo hata siku moja. Mnalidanganya boksi, na litawaunguza."

Akafuata waya kwa kidole mpaka akaukuta ule wa kuchomeka. Alifoka kwa Kiswahili, kikamwishia, akamalizia kwa Kisukuma. Hakuondoka mpaka kipima kiliporudishwa, na mazishi ya Zagayu tukayakosa. Nilimnunia wiki nzima.

Baada ya kumzika, nilipita kiwandani. "Mwangaluka, baba," fundi yule yule alinisalimu kwa Kisukuma, macho mekundu, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nikaangalia kioo. Namba mbili, sawasawa. Nikasubiri, zikapanda pamoja, zikashuka pamoja.

"Kile kingine kiko wapi?"

"Kimeazimwa mara moja tu, baba. Angekuwepo Injinia tusingethubutu."

Jamani! Hata tanga halijaanuliwa. Mtu amezeeka akitugombeza kwamba kitu kinacholinda roho za watu kisiwe kimoja, na sisi tukamfanya yeye mwenyewe awe kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa king'ora chetu, na tulipomfukia tulirudi kazini tukiwa tumepumzika na kelele. Tunajua sana kulia msibani, ila kurithi ugomvi wa marehemu hatutaki, kwa sababu unachosha na hauleti marafiki.

Basi nilivuta kiti nikakaa mbele ya boksi, nikasema siondoki, na mashine izimwe. Umeme siujui. Walinuna, mmoja akaniuliza nimetumwa na nani. Kipima kikarudishwa jioni. Mimi pia ni mmoja, ndugu msomaji, na nina umri wangu. Kesho apite mwingine akaangalie kile kioo.