Barua ya Mama Dorkasi ilivyompatia Kijakazi cheti cha upambaji

Saa moja na nusu asubuhi, Kijakazi Idarusi amelala chali kwenye sakafu ya sebule tupu huko Raskazone. Anatazama jua linavyoingia dirishani na linapoishia ukutani.

"Rangi naichagua nikiwa chini hivi," anasema, akijipangusa vumbi. "Mwenye nyumba ataishi na mwanga huu, si ule wa dukani."

Kijakazi, 46, ni mpambaji wa ndani ya nyumba. Huchagua rangi, hupanga samani, hushona mapazia na kusimamia mafundi wa dari za jipsamu. Ameifanya kazi hiyo jijini Tanga miaka ishirini na miwili. Cheti amekipata Machi mwaka huu.

Kukikosa kulimuuma. Mwaka juzi alinyimwa kazi ya kupamba vyumba kumi na vinne vya hoteli.

"Wakauliza cheti, nikawaonyesha picha kwenye simu. Dada wa ofisini akaniambia kwa upole, 'Mama, picha kila mtu anazo.' Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani."

Baadaye akasikia kwamba fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa ujuzi na kupewa cheti. Alitakiwa kupeleka barua ya aliyemfundisha.

Huyo alikuwa Dorkasi, sasa ana miaka 71, aliyekuwa na duka la mapazia mjini. Alimpokea Kijakazi akiwa hajui hata kushika futi ya kupimia, akamfundisha miaka tisa. Kijakazi akaondoka bila kuaga, tena na wateja wakubwa watatu wa duka lile. Hawakusemezana tena.

Kijakazi alimfuata shambani kwake Maramba, akamkuta akipalilia mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini tena?"

Kijakazi hakuitaja barua kwanza. "Nilikukosea, mama. Hukunifanyia baya lolote, ilikuwa tamaa yangu tu. Nisamehe."

Dorkasi alipalilia tuta lote hadi mwisho, akanawa mikono, ndipo akamuuliza amepatwa na nini. Aliposikia habari ya cheti, akavaa miwani na kuandika kurasa mbili.

"Hasira nilikuwa nayo, sikatai," Dorkasi anasema. "Lakini niliulizwa kama kazi anaijua. Anaijua. Ningeandika nini kingine?"

Aliandika na jambo jingine: kwamba Kijakazi ni mzito wa hesabu za mita za mraba, apimwe sawasawa hapo.

"Hata udhaifu wangu kautia!" Kijakazi anacheka mpaka anashika ukuta. Kwa wiki tatu binti yake, Sabra, alimfundisha hesabu hizo kila baada ya chakula cha jioni.

Mpimaji, Methusela, alimpa kuta nne, mlango na madirisha mawili, akamtaka aseme rangi kiasi gani itatosha. Alikokotoa mara mbili. Akapata.

"Mama angeniandikia sifa tupu, ningefeli," anasema. "Nilimwibia wateja, naye akanipa riziki. Nikiswali namtaja."

Mwezi uliopita alimaliza kupamba zahanati moja ya binafsi, kazi yake ya kwanza kuomba kwa cheti. Wiki ijayo atamleta Dorkasi kuiona.

"Nataka apite chumba kwa chumba aniambie nilipokosea," anasema, akifungua futi yake. "Nikisharekebisha, naomba kupimwa daraja la pili, la juu ya hili nililo nalo."