Eunice Akataa Kushuka Kwenye Boti ya Mawindo

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umeulalia mto Yukon, na Chester Demoski ameinamia mashine ya boti nje ya karakana yake, oili imempanda hadi viwikoni. Anavuta kamba. Mashine inakohoa, inazima. Anavuta tena, nayo inanguruma mpaka mbwa wa jirani wanabweka.

"Imeitika!" anapaza sauti. "Shemeji, lete chai!"

Shemeji yake, Rudy Nollner, anakuja na chupa ya chai na mdomo wa kuchokoza. "Hata mwaka jana iliitika hivyohivyo. Tukarudi kwa makasia."

Chester, mwenye miaka sitini na moja, ni fundi wa mashine za boti katika kijiji hiki cha Wakoyukon, wenyeji wa asili wa Alaska. Majira yote ya joto huhangaika na boti za wenzake. Wengine humlipa dola, wengine samaki aina ya samoni wa kukausha, wengine petroli, ambayo huku ni ghali kuliko maziwa. Septemba ikiingia, karakana hufungwa. Ni msimu wa musi, kulungu mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe pana kama sepetu. Akipatikana mmoja, ukoo mzima unavuka baridi bila wasiwasi.

Yupo pia mnyama mwingine, ambaye wanaume hawa hawamtaji kwa jina. Wanaamini dubu husikia, na anayejigamba atarudi mikono mitupu. Basi safari ya kumwinda hupangwa kwa mafumbo.

"Kule mlimani kwenye matunda," Rudy anasema, macho yakiwa pembeni, "labda tupite."

"Labda," Chester anajibu. "Ile bunduki kubwa iwepo tu."

"Iwepo tu."

Lakini kilichowasumbua mwaka huu si mnyama. Ni Eunice, dada mkubwa wa Chester na mke wa Rudy. Miaka yote yeye ndiye mpishi na mkataji nyama wa kambi. Msimu wa baridi uliopita moyo ulimgomea, akalazwa hospitalini katika jiji la Anchorage hadi barafu ya mto ilipoyeyuka.

"Tulikubaliana abaki nyumbani," Chester anaeleza. "Kambi yetu iko mbali. Akizidiwa kule, nani atamfikia? Niliogopa, basi."

Hawakuthubutu kumwambia. Jumanne walishusha mizigo mtoni kimyakimya kupima kama boti itabeba: hema, jiko la bati, mapipa. Walipogeuka, Eunice alikuwa anateremka ukingoni peke yake, pole pole, na mfuko wa visu begani. Akapanda, akakalia begi la mumewe.

"Mke wangu, shuka," Rudy alimsihi.

"Nishuke niende wapi? Nimekula kuku wa hospitali mpaka nikakaribia kuota manyoya! Unajua nilichokuwa naota kila siku? Supu ya kichwa cha musi."

"Na daktari je, dada?" Chester akauliza.

"Nimempigia. Kasema nitembee, nisibebe vizito. Sasa wewe kitinda mimba, na huyu mume wangu, mna kazi gani?"

Rudy alicheka hadi akakaa kwenye matope. Chester aliinamia mashine, akajifanya anakaza skrubu.

"Machozi yalikuwa yananitoka," anasema. "Baridi nzima, simu ikilia, nilidhani ndiyo habari yenyewe. Mara kakaa kwenye boti yangu, ananitukana. Ningemkataliaje?"

Ikabidi wapange upya. Kambi itakuwa karibu zaidi, kwenye mkono wa mto ambako redio ya kuitia msaada inashika, ingawa boti za wengine hupita sana huko na musi ni wajanja. Kitanda cha kukunja cha Rudy kimeachwa ili boti isizidiwe.

"Mgongo wangu nao ungepelekwa kwa daktari," Rudy analalamika, huku akimfungia mkewe blanketi la pili.

Wanaondoka Jumamosi. Chester anaomba wapate mnyama mapema, majani ya miti yakiwa bado ya njano. Eunice ameshapanga atakachofanya watakaporudi.

"Nitaweka sufuria kubwa, niite kijiji kizima," anasema. "Kuna watu walishaanza kunililia hapa. Waje wote, na wale walioniombea na wale walioniaga. Wanywe supu, na mimi niwe ninayepakua."