Namba Sita kutoka Kolwezi

Juma hili, katika duka la intaneti la mtaa wetu wa Bel-Air, nilikaa karibu na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyetaka kusoma ujumbe wa kwaya yake kwenye kompyuta. Programu ya mazungumzo ilimfungia tena. Ilidai namba sita, na namba hizo hutumwa kwenye simu ya binti yake aliyehamia mji wa Kolwezi, kwa kuwa ndiye aliyemfungulia akaunti.

Akampigia. "Mwana yangu, mashini inanikatala tena."

Binti akamsomea namba, kisha akauliza habari za goti lake. Wakaongea mpaka namba zikapitwa na muda, ikabidi zitumwe nyingine.

Mwenye duka akamwonea huruma. "Mama, tutie namba ya simu yako mwenyewe. Ni dakika mbili tu, haitakusumbua tena."

Mama akafunika kibodi kwa viganja viwili.

"Hapana, papa, muache vile. Nikimuita mwana yangu kwa kusalimia tu, anasema, 'Mama, niko na kazi.' Nikiomba namba, anaitika palepale."

Wataalamu, nasikia, wanahangaika kuondoa usumbufu huu. Mimi nawaombea wachelewe kidogo.