Taa za Kijani za Nuhu

Saa mbili asubuhi, mjini Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Nuhu Mwenebatu, mwenye umri wa miaka 58, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, taa kumi na sita za wavuvi zimemzunguka. Anafungua moja, anapuliza mchanga, anaunga waya. Wiki hii mwezi umejaa na dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi imepumzika na yeye hana hata nafasi ya kunywa chai.

"Mwezi ikijaa, bavuvi banalala, mi naamuka," anasema akicheka.

Kwa kila taa anayotengeneza anatoza faranga elfu mbili. Zamani alikuwa mvuvi mwenyewe. Kilichomtoa mtumbwini ni mapenzi, na Baraka nzima bado inamtania.

Vita vya 1996 vilimkimbizia Tanzania pamoja na mkewe, Siti. Siti alibaki kambini Kigoma, Nuhu akaenda kubeba samaki Bagamoyo. Huko, usiku mmoja, aliona bahari ikiwaka kijani kila kasia lilipogusa maji. Wenyeji walimweleza kuwa ni vijimea vidogo mno, vinavyotoa mwanga vikitikiswa.

"Niliingiza mukono, vidole yote ikawaka. Nililia. Siti hakukuwa pale."

Alipomsimulia, Siti hakumwamini. Waliporudi Baraka, Nuhu alifunga vitambaa vya kijani kwenye taa zote za mtumbwi ili mkewe aione rangi ile kutoka ufukweni. Wenzake aliwadanganya kuwa ni mbinu ya Watanzania. Mwanga ukafifia, dagaa wakafuata taa za majirani, beseni zikarudi tupu. Kesho yake aliambiwa atafute kazi nyingine.

Sasa jicho la kulia la Siti limezibwa na mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kuingia ukungu. Atapasuliwa mwezi wa nane, lakini daktari hakuahidi kitu. Akipona, Nuhu anataka kumpeleka Bagamoyo.

Na jicho likikataa?

"Tutaenda tu. Ataingiza mukono mu maji, mi nitamuambia: Mama Idi, sasa iko inawaka."

Siti, anayechambua sombe, majani ya muhogo, pembeni, anatikisa kichwa. Kisha anasema jambo ambalo mumewe hajawahi kulisikia.

"Ile usiku ya vitambaa niliona, Baba Idi. Nilibaki pale ku maji mpaka mukazima taa. Nilinyamaza sababu ningesema, ungefunga tena."

Nuhu anaweka waya chini. Anapangusa macho bila kujificha.

"Ile ilikuwa kitambaa tu," anamwambia taratibu. "Ya kweli iko inakungoja."